Wosia si uchuro, mama

SEHEMU YA 1: MIRATHI INAMHUSU NINI NESI?

Wiki hii sitaongelea maziwa ya mama wala upele wa joto. Naongelea mirathi. Najua kuna atakayesema, "Nesi umeacha sindano umeingia uwakili?" Sijaingia. Nisome kwanza.

Kadi ya kliniki ya mtoto ina ule mstari wa uzito. Kila mwezi mtoto anapimwa, tunaweka nukta, tunaunganisha. Mstari ukipanda mama anatabasamu. Ukilala au ukishuka tunamuuliza: Ameumwa? Anaharisha? Anakula nini? Sasa kwa miaka niliyopima watoto nimejifunza kuongeza swali moja: nyumbani kuna nini? Na si mara moja wala mbili jibu limekuja na machozi. Baba yake alifariki. Tumetoka kwenye nyumba. Tunakaa kwa dada yangu, tuko saba chumba kimoja.

Mtoto wa hivyo unampima malaria, hana. Minyoo, hana. Ana mirathi.

Ile nyumba ya vyumba viwili aliyoijenga baba yake, ambayo mama yake alibeba maji ya kufyatulia tofali akiwa na mimba, sasa ina mpangaji na kodi anapokea baba mdogo. Na mama akihamishwa ghafla, mambo mengi yanakatika ambayo nyie hamyaoni msibani lakini sisi tunayaona. Chanjo ya surua ya miezi 9 inapita, ya miezi 18 nayo inapita, kwa sababu kadi imebaki kwenye kabati ambalo shemeji kalitia kufuli. Mama wa presha anaishiwa dawa yuko mkoa mwingine. Mama anayetumia dawa za kufubaza virusi anaziacha, maana analala sebuleni kwa watu na hataki waulize anameza nini. Mtoto wa miezi minne anaanzishwa uji, kwa sababu mama yake anatoka alfajiri kwenda kufulia watu nguo na hawezi kwenda naye.

Kwa hiyo mtu asiniambie mirathi ni mambo ya wazee na mahakama. Mirathi ni afya ya mtoto chini ya miaka mitano. Ndiyo maana naandika.

SEHEMU YA 2: "UNAJITABIRIA KIFO"

Hili ndilo neno ninalotaka kupigana nalo wiki hii. Ukimwambia mtu aandike wosia anakwambia ni uchuro. "Mume wangu ana miaka 34, wosia wa nini?" Wengine wanakwenda mbali zaidi: mwanamke akigusia tu habari ya wosia, ukweni wanaanza kunong'ona kwamba ana mpango na mtoto wao.

Haya, naomba tufikiri pamoja. Ulipokuwa na mimba ya miezi saba ulianza kununua pamba, glovu, kitenge na beseni. Kuna aliyekwambia unajitabiria mabaya? Ulipomleta mtoto kuchanjwa surua, uliileta surua nyumbani? Mume akikatia bodaboda yake bima, pikipiki inagongwa kesho yake kwa sababu ya bima? Sasa kwa nini karatasi moja tu, ile inayosema nyumba hii ni ya nani na watoto hawa watakaa wapi, ndiyo iwe na nguvu ya kuita mauti?

Mimi nafanya kazi mahali ambapo watu wanakufa. Nawahakikishia, hakuna mgonjwa hata mmoja niliyemwona amekufa kwa wosia. Wanakufa kwa ajali, presha iliyopanda usiku, homa iliyochelewa, uzazi uliotoka damu nyingi. Na wengi wao ni vijana kabisa. Mwenye miaka 80 watoto wake wameshakua, wanajitegemea, akifa bila wosia watagombana lakini watakula. Mwenye miaka 34 na watoto watatu wa shule ya msingi ndiye anayeacha watu wasioweza kujitetea. Kijana ndiye mwenye haja ya wosia kuliko mzee. Sisi tumegeuza.

Tena niseme na lingine ambalo halisemwi. Wanaume wengi hawaogopi kifo. Wanaogopa maswali. Wosia utamlazimisha kutaja kiwanja ambacho mkewe hakijui. Utamlazimisha kutaja mtoto aliyeko mji mwingine. Utamlazimisha kutaja mkopo wa kikoba cha kazini. Basi anajificha nyuma ya "uchuro". Kaka yangu, hayo yote yatajulikana siku ya msiba. Yule mtoto ataletwa akiwa ameshikwa mkono na mama yake, mbele ya jeneza. Wa mkopo atakuja matanga hayajaanuliwa. Tofauti ni kwamba wewe hutakuwepo kueleza, na atakayetukanwa ni mkeo.

SEHEMU YA 3: USIPOANDIKA WEWE, KUNA WALIOKUANDIKIA

Watu wanadhani asiyeandika wosia ameacha mambo wazi. Hapana. Hapa Tanzania ukifa bila wosia kuna sheria zinakusubiri, na ziko za aina tatu. Mahakama inaangalia marehemu aliishi maisha gani: ya kimila, ya Kiislamu, au ya namna nyingine, mfano Mkristo aliyeachana na mambo ya kimila.

Kama aliishi Kiislamu, mafungu yanajulikana. Mke mwenye watoto wa marehemu anapata moja ya nane, na wakiwa wake wengi wanagawana hiyohiyo. Mume akifiwa na mke aliyeacha watoto anapata robo. Mtoto wa kiume fungu lake ni mara mbili ya wa kike.

Kama haikuwa mila wala Uislamu, inatumika sheria ya zamani iliyotoka India, ya mwaka 1865. Mjane mwenye watoto anapata theluthi moja, watoto theluthi mbili.

Kama aliishi kimila, jamani hapa ndipo pagumu. Kuna Tamko la Sheria za Mila la mwaka 1963, lile Tangazo la Serikali namba 436. Limewapanga warithi kwa madaraja. Mtoto wa kwanza wa kiume wa nyumba kubwa yuko juu, wavulana wengine wanafuata, mabinti wako daraja la tatu wanapata kidogo kuliko wote. Mjane je? Kama marehemu ameacha ndugu wa ukoo, mjane hana fungu. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Yaani wewe uliyelala naye njaa mkijenga, sheria inakwambia subiri mtoto wako wa darasa la pili akue akutunze.

Si kwamba watu hawajapigana nalo. Mwaka 1990 Mahakama Kuu Mwanza, Jaji Mwalusanya, ilitamka kwamba mwanamke ana haki ya kuuza ardhi ya ukoo aliyoirithi sawa na mwanamume, katika kesi ya Holaria Pastory aliyekuwa amerithi shamba kwa wosia wa baba yake. Mwangalie vizuri huyo mama: baba yake alimwandikia. Wosia ndio uliompa pa kusimama.

Sasa linganisha na wajane wawili walionyimwa mali za waume zao chini ya mila za Kisukuma. Walikwenda mpaka Mahakama Kuu. Mwaka 2006 mahakama ikakubali kwamba mila hizo zinabagua, lakini ikakataa kuzifuta. Wakafika hadi kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa inayoshughulika na ubaguzi dhidi ya wanawake, na mwaka 2015 kamati ikasema Tanzania imekiuka haki zao na ibadilishe sheria hizo. Hesabu hiyo miaka. Mtoto aliyekuwa mgongoni kesi ilipoanza, anamaliza msingi kabla dunia haijamwambia mama yake kwamba alikuwa sahihi.

Serikali inatakiwa kuliondoa Tamko la 1963. Nasema hivyo bila kumung'unya maneno. Sheria iliyoandikwa wakati bibi yangu ni mwali haiwezi kuamua mtoto wa leo atalala wapi, hasa wakati Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 yenyewe inasema mila inayomnyima mwanamke ardhi ni batili. Lakini mama, wakati tunaisubiri serikali, kalamu unayo.

SEHEMU YA 4: MSIMAMIZI SI MRITHI

Sehemu hii muisome mara mbili, halafu mumsomee na mama zenu.

Baada ya maziko kunakaliwa kikao cha familia. Anachaguliwa mtu wa kusimamia mirathi. Mara nyingi ni kaka wa marehemu, "kwa sababu ndiye mwanaume". Muhtasari unaandikwa, watu wanasaini, unapelekwa mahakamani pamoja na cheti cha kifo. Kwa mirathi za kimila na za Kiislamu wengi wanakwenda Mahakama ya Mwanzo. Mahakama inatoa tangazo ili mwenye pingamizi ajitokeze, kisha inamteua msimamizi.

Huyu mtu ametumwa. Kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni, na kuwagawia warithi. Basi. Karatasi ya usimamizi haimpi nyumba. Mahakama ya Mwanzo inamtaka ndani ya miezi minne apeleke orodha ya mali na madeni, na hesabu ya alichofanya. Asipofanya hivyo unaweza kwenda kulalamika mahakama ileile, na anaweza kuondolewa.

Sasa nyie mnafanya nini? Shemeji anarudi na karatasi yenye mhuri, mnaona ndiyo mwenye mali. Anauza kiwanja, mnalia. Anawaambia hameni, mnafunga mizigo. Mama, mhuri ule unamfunga yeye, haukufungi wewe!

Na mke anaweza kuwa msimamizi. Hakuna sheria inayosema lazima awe mwanaume. Hata mkwe akikuona una kiburi, jina lako lipendekezwe kikaoni. Wakikataa na una sababu, peleka pingamizi wakati wa tangazo. Usingoje nyumba iuzwe.

Mambo matatu msiyafanye msibani, nimeyaona yakiharibu nyumba za watu:

Moja, usisaini karatasi tupu wala karatasi ambayo hujasomewa. "Saini tu shemeji, ni ya mahudhurio." Mwambie akusomee. Kama macho yamevimba kwa kulia, mwambie utasaini kesho.

Mbili, usitoe hati ya nyumba, kadi ya pikipiki, cheti cha ndoa na vyeti vya watoto kumpa mtu "akutunzie". Toa nakala.

Tatu, wewe nawe usikimbilie kutoa hela za marehemu benki au kwenye simu kwa namba ya siri unayoijua. Hela ile imeshakuwa ya mirathi. Ukiitoa umewapa ndugu sababu ya kukuita mwizi, na watakwenda nayo mahakamani.

Na hakuna mtu mwenye haki ya kukurithi wewe. Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema mjane yuko huru kukaa anakotaka, kutoolewa tena, au kuolewa na anayemtaka. Mambo ya kupewa shemeji yalishaisha kisheria. Kama bado yapo kwenu, ni kwa sababu mnakubali.

SEHEMU YA 5: SASA TUJIANGALIE SISI

Hapa baadhi yenu mtanikasirikia. Kasirikeni, ila msome.

Nani anakuja na lori kubeba makochi ya marehemu? Mara nyingi ni wifi. Nani anasema "mwanangu alirogwa na huyu mwanamke"? Ni mama mkwe. Wanawake wenzetu. Wewe mwenyewe kaka yako akifa utamfanyia nini mkewe? Usinijibu haraka.

Na ukweni nao wana haki yao ya kuumia. Yule bibi amezika mtoto. Alimsomesha kwa kuuza pombe ya kienyeji, akategemea atamtunza uzeeni. Wapo wajane wanaofunga simu siku ya arobaini na bibi haoni tena hata kilo ya sukari. Wapo wanaoficha mali ili mtoto wa nje asipate. Hiyo nayo ni dhuluma, hata kama aliyeifanya amevaa nguo nyeusi. Mtoto hakuchagua azaliwe upande gani wa uzio. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumnyima mtoto kufaidi ipasavyo mali iliyoachwa na mzazi wake, na haikusema "isipokuwa wa nje".

Ndiyo maana nasisitiza wosia. Mume akiandika mwenyewe "mama yangu abaki kwenye kile chumba cha uani mpaka mwisho wa maisha yake", bibi hana sababu ya kupigana na mkwe. Akiandika "mtoto wangu wa kule apewe kile kiwanja", mke atauma meno lakini hatadhulumu. Wosia mzuri unamkinga kila mtu na hasira za mwenzake.

Na malezi, mama zangu. Ukimwambia binti yako tangu ana miaka mitano "wewe hapa ni mpitaji, utaolewa", halafu kaka yake ukamwambia "hii nyumba yako", usishangae siku ukifa kaka mtu anamfukuza dada yake aliyeachika na watoto wawili. Ulimfundisha wewe, jikoni, ukimenya viazi.

SEHEMU YA 6: MAJIBU YA MLIYONIANDIKIA PEMBENI

"Nesi, sisi hatuna mali." Mna nini? Kiwanja hakijapimwa? Mabati 30? Cherehani, friji, kuku, hela kwenye simu, michango ya NSSF au PSSSF? Hizo ndizo zinazogombewa kuliko maghorofa. Mwenye nyumba tano akinyang'anywa moja anabaki na nne. Wewe ukinyang'anywa kile chumba na sebule umebaki na mvua.

"Familia yetu tunapendana." Mungu awazidishie. Basi andikeni mkiwa mnapendana, maana siku ya kugawana hamtakuwa na utulivu huo. Hao mnaowasikia mahakamani nao walipiga picha za sikukuu pamoja.

"Sisi Waislamu, dini imeshagawa." Kweli, mafungu yamegawanywa, na mrithi huongezewi kwa wosia bila warithi wenzako kuridhia. Lakini dini haijawaambia ndugu zako kiwanja cha Chanika kiko kwa nani, nani anakudai, amana ya nani umeishika. Hayo unaandika wewe. Na una hadi theluthi ya kumpa asiye mrithi. Dini yenyewe inahimiza kuusia.

"Hatujafunga ndoa, ila tuna miaka sita na watoto." Sheria ya Ndoa inasema mkiishi pamoja miaka 2 au zaidi na watu wakawajua kama mume na mke, mnaweza kuchukuliwa kuwa mmeoana. Lakini ni dhana tu, wenzako wanaweza kuipinga, na utakwenda kuithibitisha mahakamani huku umefiwa. Nendeni mkafunge ndoa. Hata ya bomani, bila sherehe wala michango ya sare.

SEHEMU YA 7: FANYENI WIKI HII

Chukueni karatasi. Andikeni kwa kalamu ya wino, si penseli. Wekeni tarehe. Kila mmoja na wosia wake, maana mama naye anakufa, na shamba lako ulilopewa na baba yako nalo litagombewa.

Andika una nini na kiko wapi. Andika madeni, unayodai na unayodaiwa. Andika nani apate nini. Andika nani asimamie, na nani ungependa alee watoto kama wote wawili mtaondoka. Usigawe kisicho chako: baba asimwandikie mtu cherehani ya mkewe. Na kama kuna mrithi unamnyima, andika sababu, vinginevyo wosia utapingwa.

Saini mbele ya mashahidi. Kwa anayejua kusoma na kuandika wasipungue wawili. Asiyejua aweke dole gumba mbele ya wanne. Tamko la mila linataka nusu yao wawe wa ukoo na nusu watu baki, na wake waliopo nao washuhudie. Anayerithi asijihesabu kuwa shahidi katika hao. Kwa maneno ya mdomo, mashahidi wanne, lakini maneno yanasahaulika. Karatasi ni bora.

Usiufiche chini ya godoro. Wakala wa RITA wanaandika na kuhifadhi wosia. Wakili, benki, hata kanisani au msikitini panafaa. Watu wawili unaowaamini wajue ulipo. Kama hamna hela ya wakili, ulizeni wasaidizi wa kisheria kwenye kata yenu, au TAWLA na WLAC.

Pia: majina mawili kwenye hati ya nyumba. Cheti cha ndoa. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kila mmoja. Na nenda kazini kaangalie umeandika majina ya nani kwenye fomu za mfuko wa jamii. Wapo walioandika jina la mama yao wakiwa makapera na hawajabadilisha mpaka leo, wana watoto wanne.

Kama unaogopa namna ya kuanza, anza na wako. Mwambie, "Baba fulani, mimi nimeandika wa kwangu, naomba uusome." Utaona atakachofanya. Akicheka, mwache acheke, ila karatasi iache mezani.

Atakayefanikisha wiki hii aniandikie neno moja tu hapo chini: NIMEANDIKA. Wiki ijayo tunarudi kwenye uji wa lishe, kama nilivyoahidi.